Posho ya elimu kwa watoto wa mtumishi anayepelekwa kituo cha nje: naomba ufafanuzi kabla ya kuamua

Mtumishi_Makulu aliandika:

Ndugu zangu, salaam.

Mimi ni mtumishi wa serikali hapa Dodoma, na nimearifiwa kwamba nitapangiwa kituo katika Uwakilishi wetu wa Kudumu kwenye Umoja wa Mataifa mjini Geneva, kwa kipindi kinachotarajiwa kuwa cha miaka minne kuanzia Agosti hii. Nimeipokea nafasi hii kwa heshima kubwa, lakini mimi na mwenzangu tuna watoto watatu, na kila mmoja yupo katika hatua ambayo kumhamisha si jambo jepesi. Mkubwa alimaliza Kidato cha Sita mwezi Mei na anangoja matokeo. Wa pili, msichana, yupo Kidato cha Pili na anatarajiwa kufanya upimaji wa kitaifa mwezi Novemba. Mdogo yupo Darasa la Tano, katika lile kundi la kwanza la elimu ya msingi ya miaka sita ambalo litafanya mtihani mwaka 2027 pamoja na Darasa la Saba la mwisho.

Nimesikia maneno mengi kuhusu posho ya elimu, na mengi yanapingana. Mmoja ananiambia serikali hulipa kila kitu, mwingine anasema hulipa sehemu tu na mzazi hubaki na deni, na mwingine ananishauri niwaache watoto wote kwa bibi yao Singida niende mimi na mke wangu. Ninachoomba kwa wenye uzoefu ni kuelezwa posho hii hukusudiwa kugharimia nini hasa, mzazi anapaswa kuuliza nini kabla hajasaini mkataba na shule ya huko, na mtoto aliyesoma nje hurudije katika mfumo wetu bila kupoteza miaka. Nakusudia kuamua kwa utulivu, kwa sababu mwenye kubeba matokeo ya uamuzi huu ni mtoto, si mimi.

Mstaafu_Utawala alijibu:

Ndugu Mtumishi, hongera kwa uteuzi. Nimestaafu baada ya kufanya kazi ya utawala katika balozi zetu, na ada za watoto wa maofisa zilikuwa sehemu kubwa ya kazi hiyo, kwa hiyo utaniwia radhi nikijibu kwa urefu.

Kwanza ieleweke posho hii ni ya nini, kwa kuwa maamuzi mengi mabaya hutokana na kuitazama kama nyongeza ya mshahara. Mtumishi akiwa nyumbani, mwanawe ana nafasi katika shule ya umma, na tangu Januari 2016 ada imefutwa hadi Kidato cha Nne, kisha kuanzia mwaka wa fedha 2022/23 ikafutwa pia kwa Kidato cha Tano na cha Sita. Serikali inapomwagiza mtumishi huyo ahamie nchi nyingine, inamtoa mtoto katika nafasi hiyo bila mtoto kuulizwa, na kumweka mahali ambapo huenda hakuna shule ya umma inayofundisha kwa lugha anayoijua. Posho hukusudiwa kuziba pengo hilo, basi. Haikuwekwa ili mtoto asome shule ya kifahari ambayo mzazi asingeweza kuilipia Dodoma, na wala haikuwekwa ili mzazi abaki na chenji.

Nchi nyingine zimeliandika wazo hili waziwazi, na ni vizuri ulijue ili upime maneno unayosikia. Kanuni za Marekani hulipia, kuanzia chekechea hadi darasa la 12, zile huduma ambazo kwa kawaida shule za umma za kwao huzitoa bure. Wizara yao ya Mambo ya Nje huweka kikomo kwa kila kituo kwa kutazama shule inayotosheleza katika mji husika. Mzazi akipenda iliyo ghali zaidi, tofauti huilipa mwenyewe. Ikiwa mjini hakuna shule inayotosheleza, kiwango cha kumpeleka mtoto bweni mahali pengine hupanda, na wapo pia wanaolipiwa kusomea nyumbani. Chuo kikuu hakilipiwi, ila mwanafunzi wa chuo hupewa nauli ya kwenda kwa wazazi na kurudi mara moja kwa mwaka. Waingereza wameingia kwa mlango mwingine, nao ni mwendelezo: kwa watoto wa wanajeshi wanaohamishwa mara kwa mara, serikali yao hugharimia shule ya bweni hadi asilimia 90 ya ada, na mzazi hulipa angalau asilimia 10, ili mtoto abaki shule moja wakati wazazi wanazunguka dunia. Huko kote mzazi habebeshwi mzigo wote, na mlango nao hauachwi wazi bila kikomo.

Kwetu viwango na masharti hutoka katika kanuni za utumishi wa nje na nyaraka zinazozirekebisha, na kwa sababu nyaraka hubadilika sitaki kukutajia tarakimu ya enzi zangu ukaenda kuipangia bajeti. Omba nakala ya waraka unaotumika sasa katika idara ya utawala na rasilimali watu ya Wizara ya Mambo ya Nje, na uusome mwenyewe, usitosheke na kusimuliwa. Unapousoma, tafuta majibu ya mambo haya. Je, posho hulipwa moja kwa moja kwa shule kwa kufuata ankara, au mtumishi hulipa kwanza kisha akarejeshewa? Kikomo chake ni kwa kila mtoto au kwa familia, na ni watoto wangapi? Kimewekwa kwa sarafu gani? Je, kinagusa ada ya masomo peke yake, au pia ada ya usajili, mchango wa majengo, basi la shule, vitabu na mitihani ya nje? Shule nyingi za kimataifa hudai usajili na mchango wa majengo mara moja mtoto anapoingia, na fedha hiyo hairudi. Nimeona wazazi wakipata ahueni kwenye ada kisha wakaelemewa na malipo hayo ya mlangoni.

Jambo jingine ni muda wa fedha kufika. Mwaka wetu wa fedha huanza tarehe 1 Julai, na shule za Ulaya hufungua mwishoni mwa Agosti au mwanzoni mwa Septemba, na hutaka kulipwa kabla ya muhula. Maana yake ankara ya shule huangukia wakati ambao fedha za mwaka mpya ndiyo kwanza zinaanza kutoka Hazina kwenda Fungu 34, yaani fungu la bajeti la Wizara ya Mambo ya Nje, na kutoka hapo kwenda kituoni. Ikichelewa, barua ya kumzuia mtoto darasani haimjii mhasibu wa ubalozi, inakuja nyumbani kwako. Kwa hiyo uliza mapema kama kituo kinaweza kuiandikia shule barua ya dhamana ya malipo. Shule za Geneva zimezoea kuhudumia familia za mashirika ya kimataifa na balozi, na barua ya namna hiyo si kitu kigeni kwao.

Sasa Geneva yenyewe. Ule ni mji ambao tatizo lako limezoeleka kwa zaidi ya miaka mia moja. Shule ya Kimataifa ya Geneva, maarufu kwa jina la Ecolint, ilianzishwa mwaka 1924 kwa ajili ya watoto wa maofisa wa Shirikisho la Mataifa na Shirika la Kazi Duniani, na mpango wa masomo wa IB (International Baccalaureate), wa ngazi ya Kidato cha Sita, ambao leo unatambulika duniani kote, uliasisiwa katika mji huohuo mwaka 1968 kwa sababu watoto wa watu wanaohamahama walikosa cheti kimoja kinachokubalika katika vyuo vya nchi mbalimbali. Shule ya namna hiyo ni nzuri, lakini katika madarasa ya juu ada huzidi faranga za Uswisi 30,000 kwa mwaka kwa mtoto mmoja. Upande wa pili zipo shule za umma za jimbo la Geneva, zisizotoza ada, zinazofundisha kwa Kifaransa, na zenye madarasa ya mapokezi kwa watoto waliofika bila kuijua lugha. Wazazi wetu wengi huziogopa shule hizi. Kwa maoni yangu, kwa mtoto mdogo hofu hiyo haina msingi, na kwa mtoto wa miaka 15 ina msingi mkubwa.

Gigiri_Mashariki alijibu:

Naomba niongeze upande wa Umoja wa Mataifa, kwa kuwa Ndugu Mtumishi atakuwa akikaa jirani na watumishi wa umoja huo na atasikia mengi kuhusu ruzuku yao ya elimu. Mimi ni Mtanzania ninayefanya kazi katika ofisi za Umoja wa Mataifa hapa Nairobi, na watoto wangu wanasoma kwa ruzuku hiyo, kwa hiyo ninaifahamu kwa ndani.

Kwanza, ruzuku hii ni ya watumishi walioajiriwa kimataifa na wanaoishi nje ya nchi zao. Mkenya anayefanya kazi katika ofisi iliyo karibu na yangu haipati akiwa hapa Nairobi, hata kama cheo chetu ni kimoja, kwa sababu yeye yupo kwao. Pili, kwa kawaida hailipi kila kitu. Zamani ilirejesha asilimia 75 ya gharama zinazokubalika hadi kikomo kilichowekwa kwa kila sarafu. Baada ya Baraza Kuu kupitisha mfumo mpya wa malipo mwishoni mwa mwaka 2015, kuanzia mwaka wa masomo uliokuwa ukiendelea tarehe 1 Januari 2018 tulihamia kwenye ngazi zinazoshuka: wakati huo dola 11,600 za kwanza zilirejeshwa kwa asilimia 86, ngazi inayofuata kwa asilimia 81, kisha 76, 71, 66 na 61, na kilichozidi dola 40,600 hakikurejeshwa kabisa. Kwa viwango hivyo vya 2018, mzazi mwenye ankara ya dola 30,000 alirejeshewa dola 23,860, na dola 6,140 zikatoka mfukoni mwake. Ukiwa na watoto watatu, hicho si kiasi cha kupuuza.

Ninaupenda mfumo wa ngazi kwa sababu unamfanya mzazi afikiri. Kadiri unavyochagua shule ghali ndivyo sehemu yako inavyokua, kwa hiyo hakuna anayekimbilia shule ya juu kabisa kwa kuwa tu mlipaji ni mwingine, na aliye katika mji wenye shule ghali hatupwi. Bweni nalo hulipwa kwa kiasi kimoja cha jumla, ambacho mwaka 2018 kilikuwa dola 5,000, badala ya kila mtu kuja na stakabadhi za chakula na malazi. Kuna kipengele kingine ambacho ningependa serikali zetu zikitazame: gharama zinazokubalika ni ada ya masomo na usajili, na katika ada ya masomo imetajwa wazi ada ya kumfundisha mtoto lugha yake ya mama. Mzazi Mswahili aliye Geneva au New York anaweza kumlipa mwalimu wa Kiswahili na gharama ikatambuliwa. Ni fedha ndogo ikilinganishwa na ada, lakini inamgusa mtoto pale ambapo uhamisho humnyang'anya zaidi.

Mwalimu_Chunya alijibu:

Nimefuatilia mjadala huu kwa makini, nami nitasema linalonisumbua bila kumkosea heshima aliyeuliza.

Faranga 30,000 za Uswisi ni zaidi ya shilingi milioni 80 za Kitanzania kwa mwaka mmoja, kwa mtoto mmoja. Ninafundisha shule ya umma wilayani Chunya. Muuguzi wa zahanati ya hapa alihamishwa kutoka mjini, watoto wake walitoka katika shule yenye maabara wakaja shule isiyo nayo, na yeye alichopata ni nauli, posho ya usumbufu na posho ya kujikimu ya siku za mwanzo. Hakuna aliyemuuliza mtoto wake amepoteza nini. Kama msingi wa posho ni kufidia kile ambacho mtoto hupoteza mzazi anapotii amri ya uhamisho, basi msingi huo haujui mpaka wa nchi, na mimi kama mlipakodi nina haki ya kuuliza kwa nini unatambuliwa Geneva na hautambuliwi Chunya.

Sisemi mtumishi aliye nje atelekezwe. Ninasema kikomo kiwepo, kitangazwe, na kila mwaka wananchi waoneshwe jumla ya fedha zilizotumika kwa ajili hiyo.

Mstaafu_Utawala alijibu:

Mwalimu, hoja yako ni ya haki, na sitaijibu kwa kuikwepa.

Tofauti iliyopo ni kwamba mtoto wa muuguzi, pamoja na yote aliyopoteza, bado yupo katika mtaala uleule, anafundishwa kwa lugha anazozijua na anafanya mtihani uleule wa Baraza la Mitihani, ilhali mtoto aliyepelekwa Geneva akiachwa bila msaada hana hata darasa analoweza kulielewa. Lakini tofauti hiyo inaeleza tu kwa nini posho ya nje ni kubwa, haielezi kwa nini wa ndani asipate kitu, na ukiniuliza nitakuambia kwamba mtumishi anayepelekwa mahali pasipo na shule yenye bweni au maabara alistahili kufikiriwa kwa msingi huohuo.

Kuhusu kikomo na uwazi nakuunga mkono moja kwa moja. Hatari kubwa niliyoiona katika kazi hii haikuwa ukubwa wa kiwango, ilikuwa namna ya kulipa. Posho inapolipwa kwa mtumishi kama kiasi cha jumla, pasipo ankara ya shule, kishawishi huwa kikubwa: mtoto huandikishwa shule ya bei nafuu au hubakizwa nyumbani na fedha ikaenda kwenye ujenzi, na anayedhurika ni mtoto yuleyule ambaye posho ilitajwa kwa jina lake. Ikilipwa kwa shule moja kwa moja, mkaguzi ana kitu cha kushika. Hesabu za balozi zipo ndani ya mamlaka ya Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali kwa mujibu wa ibara ya 143 ya Katiba, kwa hiyo hilo unalolidai la wananchi kuoneshwa halihitaji sheria mpya, linahitaji fungu la ada litenganishwe na posho nyingine ili lionekane.

Jirani_wa_Thika alijibu:

Hapa Kenya mambo ya marupurupu hupitia Tume ya Mishahara na Marupurupu iliyoundwa na ibara ya 230 ya Katiba ya 2010, ambayo kwa watumishi wa umma wasio maafisa wa dola hutoa ushauri. Sina la kuongeza kuhusu viwango. Ningependa tu kumkumbusha aliyeuliza kwamba mtaala wa nyumbani nao haungoji. Familia ya hapa iliyoondoka mtoto akiwa chini ya 8-4-4, mfumo wetu wa zamani, imekuta KCPE, mtihani wa kumaliza shule ya msingi katika mfumo huo, ulifanyika mara ya mwisho mwaka 2023, na kundi la kwanza la mtaala mpya limeingia sekondari ya juu Januari 2026. Mzazi alipanga kumrudisha mtoto katika darasa ambalo sasa halipo. Kwa kuwa ninyi pia mmebadilisha elimu ya msingi kutoka miaka saba hadi sita, msipange kurudi kwa kutumia ramani ya mwaka mlioondokea.

Aliyekulia_Ughaibuni alijibu:

Mimi nilikuwa mtoto wa posho hiyo. Baba alikuwa mwambata katika balozi zetu, na nilisoma katika nchi tatu kabla ya kurudi nyumbani kujiunga na chuo kikuu. Naandika kwa sababu katika mazungumzo haya fedha imepata nafasi ya kutosha, na ninaomba vyeti na lugha vipate yao.

Kwa vyeti: hati yoyote ya nje, iwe IGCSE (cheti cha kimataifa cha ngazi ya Kidato cha Nne), IB au ya serikali ya jimbo la Geneva, haitambuliwi hapa kwa kuonekana tu. Unaipeleka Baraza la Mitihani la Tanzania kupata ulinganifu wake na cheti cha hapa, na namba ya ulinganifu utakayopewa ndiyo inayochukua nafasi ya namba ya mtihani wa Kidato cha Nne au cha Sita unapoomba chuo, na pia unapoomba mkopo katika Bodi ya Mikopo. Ngazi zote mbili zinahitajika. Mwenye IB peke yake, asiye na cheti kinacholingana na Kidato cha Nne, anajitafutia maelezo ya ziada pasipo sababu. Ahakikishe masomo ya ngazi ya chini nayo yana cheti cha nje kinachosimama. Cheti kikiwa cha Kifaransa, tafsiri yenye muhuri iandaliwe hukohuko kabla ya kuondoka. Ripoti za kila muhula msizitupe hata moja, kwa kuwa mtoto anayerudi katikati ya sekondari hupangiwa darasa kwa kutumia hizo.

Kwa lugha: nilirudi nikiwa na Kiswahili cha mtoto wa miaka tisa. Niliweza kuamkia, kuomba chakula na kucheka na binamu zangu, lakini sikuweza kuandika barua ya maombi wala kufuata hoja katika kikao. Wazazi wangu hawakuzembea, walikuwa na kazi nyingi na waliamini kwamba lugha ya nyumbani hujitunza yenyewe. Kiswahili ni somo katika mitihani ya IGCSE ya Cambridge, na katika IB mwanafunzi anaweza kusoma fasihi ya lugha yake kwa kujisomea akisimamiwa na shule, hata kama shule haina mwalimu wa lugha hiyo. Ndugu Mtumishi, liulize hilo siku ya kwanza ya usajili, maana shule haitakwambia kama hukuuliza. Kama waraka wa posho unaruhusu mafunzo ya ziada, tumia hapo.

Mtumishi_Makulu aliandika:

Shikamoo Mzee Mstaafu, na asanteni nyote, akiwemo Mwalimu wa Chunya ambaye hoja yake nimeitafakari.

Kwa ushauri wenu, mtoto wetu mkubwa atabaki. Atasubiri matokeo, atakwenda JKT akiitwa, ataomba chuo hapa nchini na mkopo kwa utaratibu wa kawaida, na mjomba wake atakuwa mlezi. Mdogo tumekubaliana aende shule ya umma ya Geneva. Anayetutatiza ni huyu wa Kidato cha Pili. Akiondoka Agosti anakosa upimaji wa Novemba, na bila upimaji huo mlango wa Kidato cha Tatu unakuwa mgumu ikiwa tutarudishwa mapema. Akibaki bweni hadi Kidato cha Nne, tutakuwa mbali naye katika miaka ambayo msichana anamhitaji mama yake. Mzee, ungekuwa wewe ungefanyaje? Na je, akibaki, serikali huweza kuchangia ada yake ya bweni hapa nyumbani?

Mstaafu_Utawala alijibu:

Marahaba, Ndugu yangu.

Tuanze na hesabu ya miaka, kwa kuwa hapa inalingana vizuri kuliko nilivyotarajia. Msichana akianza Agosti hii katika mpango wa IGCSE wa miaka miwili, anamaliza katikati ya 2028 akiwa na cheti cha ngazi ya Kidato cha Nne. Akiendelea na miaka miwili ya IB, anamaliza katikati ya 2030, wakati uleule kipindi chako kinapokwisha. Anarudi na vyeti vyote viwili alivyovitaja Aliyekulia_Ughaibuni. Akisubiri Novemba ndipo aje, ataingia katikati ya programu ambayo wenzake wameshaianza, na shule nyingi zitamrudisha mwaka nyuma, hivyo IB yake itavuka kipindi chako cha kazi. Akibaki hadi Kidato cha Nne, atamaliza Novemba 2028, na ukimleta baada ya hapo IB itaanza Agosti 2029 na kuisha 2031, wewe ukiwa umeshaondoka. Kwa hiyo machaguo halisi ni mawili tu: aje sasa, au abaki moja kwa moja hadi amalize Kidato cha Sita hapa.

Mimi ningemleta sasa, lakini kwa masharti mawili ambayo ningeyataka kwa maandishi. La kwanza ni kikomo: chukua ankara kamili ya shule, pamoja na usajili na mchango wa majengo, uilinganishe na kiwango cha waraka, na tofauti yake uizidishe kwa miaka minne. Ikiwa tofauti hiyo huwezi kuilipa kutoka katika mshahara na posho yako ya kituo bila kukopa, mwache nyumbani, kwa sababu mtoto kuondolewa shule mwaka wa tatu kwa deni la ada ni jeraha kubwa kuliko kukaa bweni. La pili ni kurudishwa kabla ya wakati. Watumishi huitwa nyumbani kwa sababu nyingi, nyingine zisizowahusu kabisa, na shule za kulipia kwa kawaida hudai zijulishwe muhula mzima kabla ya mtoto kuondoka, la sivyo zilipwe ada ya muhula huo. Omba ieleweke kwamba ukirudishwa mtoto akiwa katika mwaka wa mtihani, posho itaendelea hadi amalize mwaka huo wa masomo, na kwamba ada hiyo ya kuondoka bila taarifa isiangukie kwako. Nimewaona watoto waliotolewa darasani miezi michache kabla ya mtihani wa mwisho, na ninaamini hakuna serikali inayonufaika na hilo.

Kuhusu kuchangia bweni la hapa nyumbani, mantiki ya posho haikusaidii sana, kwa sababu shule ya umma ya hapa haina ada ya kufidia. Lakini kuna jambo ambalo mantiki hiyohiyo inaliunga mkono kwa nguvu, nalo ni nauli. Mtoto aliyebaki nyumbani ametenganishwa na wazazi kwa sababu ya kazi ya serikali, na nauli ya kumpeleka kwa wazazi wakati wa likizo ndefu ni sehemu ndogo sana ya ada ambayo serikali ingelipa kama angefuatana nao. Soma kifungu cha nauli za wategemezi. Kama hakisemi lolote kuhusu aliyebaki shuleni, omba kibali maalumu, na uiweke hesabu hiyo ya ulinganisho ndani ya barua. Hilo linamhusu pia mwanao mkubwa.

Na kwa mdogo, kabla ya kuondoka pata barua ya uhamisho kutoka kwa mwalimu mkuu inayoonesha tarehe aliyotoka na darasa alilokuwa. Wenzake wataingia Kidato cha Kwanza mwaka 2028 na mtakaporudi 2030 watakuwa Kidato cha Tatu, naye hatakuwa na mtihani wa msingi wala upimaji wa Kidato cha Pili; barua hiyo pamoja na ripoti za Geneva zilizotafsiriwa ndizo zitakazomtetea.

Maombi yako yote yaandike katika barua moja kwa Katibu Mkuu wa Wizara ya Mambo ya Nje, kupitia kwa mwajiri wako wa sasa, ukiambatanisha ankara za shule, na uipeleke kabla tiketi hazijakatwa, kwa maana baada ya hapo kila ombi hushughulikiwa kwa barua za kwenda na kurudi kati ya kituo na makao makuu, na muhula hautangoji majibu.